Aliyeionja Jamu Mchana

Kitu cha mwanzo alichokiona Mwanapili ndani ya jiko lile ni sisimizi. Walishika mstari mmoja mwembamba, wakitokea kwenye ufa wa dirisha, wakapita ukutani na kushuka nyuma ya jiwe la kusagia. Upande wa pili hawakutokeza. Sufuria ilikuwa imesuguliwa kwa majivu, mwiko umeoshwa na kutundikwa, meko yamezolewa. Hapakuwa na kitu cha kumwita hata nzi, na bado sisimizi walikuwa na safari yao.

Hakusema kitu. Kituoni walikwisha kumzoea hivyo. Alikuwa askari kanzu, mwanamke pekee pale, aliyeacha skuli darasa la tano, na akiitwa pale tu inapohitajika kuingia ndani ya nyumba ambamo askari mwanamme hapiti. Akimaliza hurudi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, na hapana anayesogea kumpa nafasi wala anayemwambia asogee.

Jiko lilikuwa la Bakar, fundi seremala wa Mtoni. Juzi alasiri dada yake, Mwatum, alipika humo chupa moja ya jamu ya mabungo, matunda ya mwitu. Akaipeleka mjini kwa Bi Taramati, mjane wa Kihindi wa Kiponda mwenye duka lililofungwa, ambaye alikuwa akifikiria kumtilia mtaji. Jana asubuhi Taramati aliila. Kabla ya adhuhuri yeye yuko hospitali anatapika, na Mwatum yuko mahabusu. Inspekta Mmanga alikwisha kuandika neno sumu juu ya jalada. Kesho asubuhi Mwatum angepelekwa mahkamani, na askari walikuwa wamelifunga jiko tangu jana.

Bakar alisimama mlangoni, kofia mkononi. Binti yake Shemsa, wa miaka kumi na sita, alikuwa nyuma yake. Kila alilomuuliza Mwanapili binti, baba ndiye aliyejibu. Shemsa alimsaidia shangazi yake kumenya. Shemsa alichochea moto. Chupa ilifungwa kwa kitambaa na nta, na Mwatum akatoka nayo kabla ya magharibi.

"Hapana aliyeonja?" Mwanapili aliuliza.

"Aonje nani? Ramadhani hii. Nyumba yangu watu wote wamefunga. Nimeshaandikisha hivyo."

Mwanapili akamtazama binti. "Ilikuwaje, jamu yenyewe?"

"Kama ile ya mwanzo," Shemsa alisema polepole. "Ila mabungo ya safari hii makali. Shangazi kaongeza sukari na bado yakawa makali."

Bakar hakusikia kitu katika maneno yale. Mwanapili alisikia. Rangi huonekana kwa macho na harufu hunusika, lakini ukali uliobaki baada ya sukari kuongezwa haujulikani mpaka ufike ulimini.

Akamwambia Bakar kwamba sheria inamtaka ampekue binti, na mwanamme asiwepo. Bakar akatoka, akavuta mlango. Mwanapili hakumgusa Shemsa. Alipiga magoti, akatia mkono nyuma ya jiwe la kusagia, akatoa kisahani cha udongo kilichojaa sisimizi. Ndani yake palikuwa na utando wa rangi ya kahawia uliokauka, na alama za vidole vilivyolamba.

"Si changu," Shemsa alisema.

"Cha nani?"

"Sijui. Wallahi nimefunga, dada. Muulize baba."

Mwanapili alikung'uta sisimizi, akakifunga kisahani ndani ya gazeti. Alipotoka nje, wanawake watatu waliokuwa wakichambua mchele barazani kwa jirani walinyamaza mpaka alipofika barabara ya Bububu.

*

Mahabusu, Mwatum alikuwa amekaa juu ya kanga aliyoikunja mara nne. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, aliyeachwa na mume, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya sukari inayochemka. Hakulia. Aliuliza kwanza habari za mgonjwa, halafu akasema leo ndiyo siku aliyoambiwa atapewa jibu.

Mwanapili alimwacha azungumze. Kwa zaidi ya mwaka Mwatum alikuwa akitafuta mtu wa kumtilia mtaji wa sufuria mbili kubwa, chupa, na pahala penye bomba. Benki ilitaka hati ya nyumba, naye hana nyumba. Afisa wa ushirika alimtaka alete kwanza wanachama kumi, na wanawake aliowafuata walitaka kuziona kwanza sufuria. Mfanyabiashara mmoja wa Malindi aliomba chupa ya kuonja, akaomba nyengine kwa ajili ya mama yake, akaomba ya tatu kwa ndugu yake aliyekuwa akitoka Pemba, halafu akasema biashara mwaka huu mbaya.

"Wote wanasema nzuri," alisema Mwatum. "Nzuri, nzuri. Wanalamba vidole, halafu wananiuliza mume wangu yuko wapi."

"Na Mansoor?"

Mwatum akacheka kwa pua. Mansoor, mwenye duka la vyakula Darajani, alikubali kutoa fedha. Masharti yake, chupa ziandikwe jina lake, Mwatum amfundishe mpishi wake, na yeye mwenyewe awe analipwa mshahara. Alipokataa, Mansoor alimwambia mbele ya wateja kwamba atazunguka mji mzima na hapana atakayempa.

"Bi Taramati je?"

"Yule hakusema nzuri. Aliniuliza ikikaa inaharibika baada ya muda gani. Nikajua huyu anataka kweli."

Chupa ya juzi ilikuwa ya mwisho. Mabungo aliyokuwa nayo hayakutosha mbili, wala sukari. Ndiyo maana hapakuwa na jamu nyengine ya kupimwa, na sufuria aliiosha mwenyewe, kama anavyoiosha siku zote.

"Uliionja?"

"Nimefunga, Bi. Nliionja kwa pua."

"Shemsa?"

Mwatum akaitazama mikono yake. "Shemsa alikuwa na mimi. Nilipokwenda kusali alasiri nlimwacha akoroge asije akaiunguza. Mwache mtoto." Alipitisha kidole juu ya kovu moja. "Wakinihukumu, Bi, hata nikitoka, nani atakula tena kitu kilichotoka mkononi mwangu?"

Mwanapili alimwachia kanga yake nyengine ajifunike usiku, akatoka.

*

Mansoor alimpokea dukani bila ya kumpa kiti. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na alikuwa tayari. Ndiyo, alimkaripia Mwatum. Ndiyo, magharibi ya juzi alipanda ngazi za Taramati. Alisema haya kabla ya kuulizwa, kwa kuwa alijua kaonekana.

Mwanapili alisimama, akangoja. Watu wengi huongeza maneno akiwa kimya, na Mansoor aliongeza. Alikwenda kuliomba lile duka kwa kodi, kwani lina bomba na ghala, na haipendezi kupewa mtu asiyejua biashara. Taramati hakumfungulia. Walizungumza yeye nje, mwenyewe ndani, mlango umefungwa.

"Kwa nini hakufungua?"

"Alisema yumo katika ibada. Nilisikia kengele. Muulize Fatmabai wa chini, alikuwa kakaa kwenye ngazi anangoja adhana, miguu yake nimeiruka kwenda na kurudi."

Mtu aliyeambiwa hapana kupitia tundu la mlango ana sababu ya hasira. Hana nafasi ya kutia kitu ndani ya chupa. Mwanapili aliondoka pale akielekea Kiponda, na njiani alijua kwamba ikiwa Fatmabai atasema vile vile, basi zaidi ya Mwatum hapana mwengine wa kutiliwa shaka.

Fatmabai alisema vile vile. Alikuwa bibi wa makamo, Muislamu wa Kihindi, aliyeishi chini ya Taramati tangu wote wawili ni maharusi. Zamani nyumba ile ilikuwa na watu hata kwenye dari. Sasa wamebaki wao wawili, mmoja chini, mmoja juu. Alimkaribisha Mwanapili kwenye mkeka na kumuuliza kama saumu haijamchosha, na jua hili.

"Alhamdulillahi," alijibu Mwanapili.

Wakapanda juu. Mwanapili alikuwa na ufunguo wa mlango, aliopewa kituoni. Jiko la Taramati lilikuwa safi mno, kama la mtu asiyepikia wageni. Kwenye ukingo wa dirisha palikuwa na chupa ya Mwatum, imeoshwa, imefudikizwa ikauke. Juu ya meza palikuwa na bakuli kubwa la shaba lenye kifuniko, na ndani yake jamu iliyobaki.

"Kwa nini aliitoa kwenye chupa?"

"Taramati hali katika chombo cha watu," alisema Fatmabai. "Miaka yote hii, nikimpelekea kitu hukimimina chake, changu akakiosha, akanirejeshea. Sikasiriki. Ndivyo walivyo. Na mimi pia chungu chake sikitii nyama."

"Aliimimina lini?"

"Pale pale alipoletewa. Mie nlikuwa kwenye ngazi, nikawaona wanaagana, chupa tupu iko mkononi mwa Taramati. Kisha jamu akaifunika. Juzi alikuwa na mfungo. Na wao wana siku zao katika mwezi, hagusi chakula mpaka asubuhi. Tukafunga ghorofa zote mbili, kila mtu na mfungo wake."

Mwanapili alilisogeza bakuli dirishani. Nje lilikuwa linang'ara. Ndani, weupe ulibaki vipande vipande tu, na palipobanduka palionekana shaba tupu, nyekundu. Alichukua kijiko akaisukuma jamu kando. Pale ilipokuwa imegusa ukingo palikuwa na mviringo wa kijani kibichi.

"Huu weupe ni nini, Bi Fatmabai?"

"Bati. Shaba haipikiwi mpaka ipakwe bati ndani. Alikuwepo fundi, akipita mtaani na kiriba chake cha kuvuvia moto, tunamtolea vyombo vyote. Akaondoka mwaka ule wa Mapinduzi, hakurejea. Vyangu nimevifungia kabatini, natumia masufuria ya kizungu." Aliinamia bakuli, akavuta mtandio wake. "Hili kaja nalo harusini. Nlimwambia aliache. Akasema akila kwenye sahani ya dukani anajiona kama yuko hotelini."

"Mtu akitia kitu kikali humu kikalala?"

"Bibi yangu alikuwa hatii hata limau." Akakaa juu ya kigoda. "Ya Mungu. Na bungo lile."

*

Hospitali, Taramati alikuwa amelala kwenye kitanda cha ukutani, sauti yake imekauka. Alisema asubuhi ile alikula sana, kwa kuwa alikuwa na njaa ya mfungo na jamu ilimpendeza. Tumbo lilimkata kabla hajaondoka mezani. Mwanapili alimuuliza mdomo wake ulikuwa na ladha gani.

"Kama nimefyonza senti," alisema Taramati.

Alisema pia kwamba mwanawe wa Bombay amekwisha kumkatia tiketi, na meli inaondoka wiki ijayo. Alikuwa amepanga funguo za duka ampe Mwatum, na faida wagawane kwa barua. "Nilitaka aje tule pamoja hiyo chupa. Nikasema, amefunga, atanitazama tu. Nikala peke yangu." Akageuza uso. "Kama ni yeye, funguo apewe Mansoor, mimi nisisikie tena. Kama si yeye, aje azichukue mwenyewe. Mie sitaki kuondoka bila ya kujua."

Daktari alilitazama kwa muda mrefu bakuli aliloletewa na Mwanapili. Alikubali kwamba shaba ikiliwa na kitu kikali huweza kumfanya mtu vile. Lakini vitu vyengine pia huweza. Kipimo kingepelekwa Dar es Salaam, na majibu yake yangechukua wiki nyingi.

"Angepatikana mtu mwengine aliyekula jamu hiyo hiyo kabla haijafika bakulini, akawa mzima," alisema daktari, "ningekwambia leo kuwa ni bakuli. Lakini imepikwa mchana wa Ramadhani. Mtampata wapi?"

*

Mwanapili alirudi Mtoni. Alingoja kando ya njia mpaka Bakar alipokwenda msikitini alasiri, halafu akazunguka uani. Shemsa alikuwa akianua nguo. Alipomwona hakukimbia, aliikumbatia tu ile nguo iliyokuwa mkononi mwake.

"Nnajua hukuvunja saumu," Mwanapili alimwambia. Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuwa na nyengine. "Hukuwa nayo."

Shemsa akatazama chini. Alikuwa mwezini, alisema, siku ile ilikuwa ya pili. Mama yake amefariki, na baba huamsha nyumba nzima daku, kila mtu akala mbele yake akatia nia. Hawezi kumwambia baba. Anakula daku, anashinda kama waliofunga. Lakini siku ile moto ulikuwa mkali, na shangazi alikwenda kusali, na jamu ilikuwa inanukia. Alijitilia kisahani, kikajaa. Alikila chote, moto moto, akakilamba. Aliposikia kikohozi cha baba alikisukuma nyuma ya jiwe. Asubuhi yake askari wakalifunga jiko.

"Tumbo lilikuuma?"

"Hata. Nililala vizuri." Akaanza kulia bila ya sauti. "Nliposikia Bi Taramati anatapika, nilingoja nami nife. Sikufa."

"Utakuja useme hivyo kituoni?"

"Mbele ya wanaume?"

"Ndiyo. Na baba yako atakuwepo."

"Nitakataa, dada. Nitaapa nimefunga. Hata shangazi wakimfunga, nitakataa, halafu sitaweza kumtazama tena mtu yeyote." Alishika mkono wa Mwanapili kwa vidole vilivyolowa machozi. "Wewe ungeweza?"

Mwanapili alimsaidia kukunja shuka, upande huu na upande huu, kisha akaondoka.

*

Jua lilikuwa limeinama alipofika kituoni. Askari wanne walikuwa wamekwisha kukaa mkekani katika chumba cha Inspekta, tende katika sahani, uji katika birika, redio imewashwa kwa sauti ndogo ikingojewa adhana. Inspekta Mmanga alikuwa mezani. Alikuwa mtu mzima, wa haki, mwenye kupenda jambo likae katika mstari wake. Ufunguo wa mahabusu ulikuwa mbele yake.

Mwanapili aliweka bakuli juu ya meza, na chupa, na kisahani. Alieleza habari za bakuli. Inspekta alisikiliza mpaka mwisho, akapiga simu hospitali, akasema naam mara kadhaa, akakata.

"Daktari anasema kama yupo aliyekula sufuriani akasalimika, basi ni bakuli, na kesi hakuna," alisema. "Yupo?"

"Yupo, afande. Shemsa, binti wa Bakar. Alikula kisahani hiki."

"Mlete aandikishe."

"Atakataa."

Inspekta akafungua jalada. "Baba yake kaandikisha nyumba nzima ilifunga. Kaapa. Wewe unaniambia binti kala mchana, na ukimwita atakana. Sasa ama kavunja saumu, na mtu wa namna hiyo hakimu hatomsikiliza, ama anamtungia shangazi yake. Chagua."

"Hakuvunja."

"Alikuwa mgonjwa?"

"La."

Askari mmoja mkekani akakohoa. Inspekta aliitazama kalamu yake. Alikuwa ameoa, ana mabinti, na Mwanapili aliona kwamba amefahamu.

"Hayo siwezi kuyaandika," alisema Inspekta polepole. "Niandike vipi? Nani kasema?"

"Mimi. Ndimi niliyepewa amri ya kumpekua, na ndimi niliyekiona kisahani. Andika kwa jina langu, yeye asiitwe."

"Na kesho utasimama mbele ya hakimu uyaseme? Wewe?" Hakuwa anamdharau. Alikuwa anauliza. "Miaka mingapi uko hapa, Mwanapili, mie mpaka leo salamu yako naijua kwa kuwa haisikiki." Askari wakacheka kidogo. Inspekta hakucheka. Aliweka kiganja juu ya ufunguo. "Hakimu atakuuliza unajuaje kama mtoto hasemi uongo. Mimi nakuuliza sasa hivi. Hapa, mbele ya hawa. Ukiweza hapa, utaweza kule, na mwanamke huyo atafuturu kwao. Ukishindwa, ufunguo unabaki."

Mwanapili alikuwa amesimama karibu na mlango, pahala pake pa siku zote. Akapiga hatua mpaka mezani. Mtandio ulimteleza, akauacha.

"Shemsa alikuwa mwezini," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyoikusudia, na askari mmoja akashusha macho kwenye tende. "Mwanamke aliye mwezini hafungi, na hilo mnalijua nyote, mna wake na dada. Hakusema kwa sababu sisi hatusemi. Tunaamka daku, tunakula na watu, mchana tunashinda kama wao, tukishindwa tunatafuta pembe. Mtu anayesema uongo angenambia kaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, kwani hilo halina aibu. Yeye kanambia kakila kisahani chote, akakilamba, halafu akalia. Aibu hiyo mtu haitungi."

Inspekta aliandika. Aliandika mstari baada ya mstari, bila ya kuinua kichwa, akageuza karatasi upande wake atie sahihi. Kisha akaondoa kiganja, na ufunguo akausukuma mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Mwanapili.

"Mtoe," alisema. "Mwambie apite hospitali kabla ya kwenda kwao, kuna mtu anamngoja na funguo nyengine." Halafu, kwa sauti ya mtu anayelifunga jambo, akasema, "Hakimu atakuuliza na hili pia. Hiyo habari ya kutafuta pembe, umeijua wapi? Nani kakueleza?"

Mwanapili aliuchukua ufunguo.

"Hakuna aliyenieleza," alisema. "Mimi leo sikufunga, afande. Jana pia sikufunga. Nlikula hapa hapa kituoni, nyuma ya tangi la maji, nimesimama. Kila Ramadhani, siku zangu zikifika, nnakula pale, halafu magharibi nakuja kupokea tende mikononi mwenu kama niliyefunga. Na siku nilizofunga kweli, nikishaipokea hiyo tende, nakwenda kuila kule kule nyuma ya tangi, kwa sababu tangu nije hapa hakuna hata siku moja mtu aliyenambia, kaa."